Samaki wa Jiwe na Nusu ya Limau

Nilisugua jiwe kwa limau na chumvi ili litoke shombo. Naam, jiwe. Nalisema mwenyewe kwa sababu mafundi wenzangu wa mtaa wa Ndia Kuu walishalisimulia sana, na kila mmoja ana nyongeza yake.

Ilikuwa miaka ya tisini, kazi yangu ya kwanza bila fundi mkubwa kunisimamia: kutandaza mawe bapa juu ya baraza ya bibi mmoja aliyekuwa karibu kuozesha mjukuu. Bibi yule akikusifu, mtaa mzima wakuita. Akikukataa, rudi ukawachanganyie wenzako saruji. Nami shule niliiacha darasa la sita, kwa hivyo saruji naijua vizuri.

Mawe aliyaleta rafiki yangu, Mduruma aliyekuwa akiyapasua kwao bara, mahali paitwapo Maji ya Chumvi. Nikageuza moja, nikaona samaki. Mdogo, mweusi, ana magamba, ana mkia. Nikajua tu wapasua mawe walianika kitoweo chao hapo. Wallahi, na shombo nikaisikia! Wageni wa harusi waje wakalie shombo? Nikakimbilia limau.

Bibi akatoka. "Wafanyani, mwanangu?"

"Natoa shombo, bibi. Watu walianika samaki hapa."

Akainama, akanusa. "Kweli, naisikia. Sugua!"

Nikasugua. Samaki hatoki.

Mpangaji wake wa ghorofani, mwalimu, akachungulia dirishani, kisha akashuka mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Wacha, wacha! Huyo alifukiwa na tope zamani, hakuna mtu duniani, hata bahari yetu hii haijakuwako. Tope likawa jiwe, naye akawa jiwe."

Nikaanza kukusanya vyombo vyangu kabla sijafukuzwa.

"Kumbe ni mkubwa kuliko mimi?" bibi akasema. "Nawe wamsugua kama sufuria!"

"Bibi, si nawe ulinusa—"

"Mimi nilinusa limau."

Akaamuru jiwe liwekwe kando ya mlango, pale anapoketi yeye. Siku ya harusi kila mgeni alionyeshwa mkubwa mpya wa nyumba, na fundi aliyemlaza hapo. Kabla ubani haujaisha kunukia, nilishaitwa nyumba ya pili.

Rafiki yangu alipoleta mzigo mwingine, nikamsimulia. Alicheka hadi akaketi chini.

"Limau ulitia, chumvi ulitia," akasema. "Sasa nazi ya kumpaka ulimnyimia nini?"