Kitambaa Nilichokishusha Masoko

Nianze kwa kukiri aibu yangu, maana mtu aliyezoea kukemea uzembe wa wenzake hana budi kusimama mbele ya watu siku zamu yake inapofika.

Mwalimu Sekela, tunayefundisha naye hapa Tukuyu, alirudi kutoka masomoni Marekani na shahada ya ufaulu wa juu, na wakwe zake wakamwandalia sherehe nyumbani kwao Masoko, nami nikaalikwa kuwa mshereheshaji. Nilishangaa kutomwona baba mkwe wake, ambaye ndiye aliyeshikilia kwamba aende kusoma. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye kitambaa kirefu kilichotundikwa kati ya migomba, chenye jina la Sekela na neno “Honors”, bila ile “u” ninayoipigania darasani kila muhula (Waingereza huandika “Honours”, na ndivyo nilivyofundishwa).

Mumewe, Ambakisye, akacheka: “Mwalimu, hiyo ni ya Kimarekani, hata cheti kimeandikwa hivyo. Kaa unywe chai.”

Laiti ningekaa! Nilipanda kwenye benchi, kalamu nene mkononi, huku nikiwahutubia wageni juu ya uangalifu katika elimu, nikaivuta kamba ili niiongeze ile “u”, mpaka ikakatika, kitambaa kikaanguka.

Nyuma yake, peke yake kitini, alikuwa baba mkwe.

(Mimi ni mtu wa Tanga, sikujua kwamba katika familia zinazoshika mila ya Kinyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, na kwamba kitambaa kile ndicho kilichowawezesha kuwa kwenye sherehe moja.) Sekela akajifunika uso kwa joho.

“Umefanya nini wewe!” shangazi mmoja akafoka.

Mzee akageuza kiti, akatupa mgongo. “Mwalimu, kirudishe,” akasema kwa utulivu. “Nimekuja kumsikia mwanangu.”

Kamba haikufaa tena, hivyo nikakishikilia mwenyewe, mikono juu, hotuba nzima.

“Inua kidogo, mwalimu,” Ambakisye akanichokoza, “‘u’ yako isije ikachafuka.”

Sekela akakigeukia kitambaa. “Baba, uliyemtuma mama aniambie niende, nimerudi.”

Upande wa pili mzee akaitikia: “Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo.” Ni asante, asante sana.

Nimehudhuria mahafali mengi, lakini sijapata kuona mtu akiheshimiwa namna ile. Mikono iliniuma, nami sikuthubutu kuishusha. Tangu siku hiyo sigusi kilichotundikwa uani kwa watu kabla sijauliza kinamsitiri nani.