Njano ya Vidole Vyangu

Binti yangu hunifungia mlango kwa nje anapokwenda sokoni. Simlaumu. Tangu kiharusi kininyang'anye mguu wa kushoto nimeanguka mara mbili uani. Nabaki na dirisha, honi ya treni kutoka stesheni, na chakula kisicho na chumvi kwa sababu ya presha.

Anashona mapazia. Aliolewa Igunga, ndoa ikavunjika, akarudi Tabora, na sasa amefungwa nami humu. Mchana, cherehani ikipumzika, hunisomea kutoka kwenye simu, maana herufi zake zinanishinda. Jumanne alisoma habari za wataalamu wanaopima nyota na mawingu ya gesi katika galaksi yetu, wajue kila moja ina chuma kiasi gani, oksijeni kiasi gani. Hawafiki huko. Huutandaza mwanga kama upinde wa mvua, na kila elementi ina mistari yake humo.

"Ila sodiamu inawasumbua," akasema. "Hewa yetu ina sodiamu huko juu, na taa za mijini nazo zinayo. Mtu asipoitoa hiyo, ataihesabu kuwa ya nyota." Akacheka. "Umesikia, Baba? Hata nyota zinasingiziwa, kama mimi."

Sikuweza kucheka.

Nilikuwa mtunza maabara wa shule aliyosoma. Akiwa kidato cha tatu, mwalimu alifanya jaribio la kuchagua watakaobaki mkondo wa sayansi. Kila mmoja alichovya waya katika chumvi asiyoijua, akauweka motoni, akataja rangi ya mwali. Yeye alipewa chumvi ya potasiamu, ambayo mwali wake ni zambarau hafifu. Akaona njano. Akaandika sodiamu, ambayo huwaka njano, na alipobishiwa akashikilia: "Mwalimu, ni njano, njoo uone." Mwalimu hakuja. Alimwondoa sayansi, akasema anabuni majibu.

Nyaya zilikuwa kazi yangu. Zilitakiwa kusafishwa kwa asidi na kuchomwa hadi mwali usibadilike. Asubuhi ile nilichelewa. Nilikuwa nakula karanga zilizokaangwa na chumvi ya Uvinza, ile ambayo zamani za misafara ilipita mjini kwetu vichwani mwa wapagazi, nikaufuta waya wake kwa vidole hivyo hivyo. Chembe tu ya sodiamu iliyo katika chumvi hiyo inatosha kuimeza zambarau yote. Nilijua kabla hajatoka mlangoni. Nikanyamaza, nisije nikafukuzwa kazi.

Nyumbani kaka zake wakambandika jina: Sodiamu. Likaenea mtaa mzima. Mimi pia nilimwita hivyo, miaka mingi, tena kwa kicheko.

Jumanne nilimwambia yote, karanga na vidole. Nilimwambia huku nikijua kwamba akiondoka, sina wa kuniinua kitandani.

Aliiweka simu chini. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilichoona ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu. Ilikuwa njano."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwa nimeshika chupa, hatua tatu kutoka kwako."

Akainuka, akachukua kikapu. Nilisikia ufunguo ukizunguka. Nilikaa nikitazama mlango hadi adhana ya alasiri ikapita. Nilipiga hesabu ya mabasi ya Igunga. Aliporudi alikuwa na mchicha, na daftari jipya.

"Iandike," akasema. "Kaka zangu wakija Ijumaa baada ya swala, utawasomea. Si mimi nitakayewaambia."

"Watanicheka."

"Wakucheke. Mimi wamenicheka tangu kidato cha tatu."

Leo ni Alhamisi, nami nimefika mwisho wa karatasi. Najua mkubwa wao ataanza mlangoni, kama kawaida yake: "Hodi! We Sodiamu, mzee kala?" Nitamwambia akae kwanza.

Nimemwomba binti yangu awepo chumbani nikisoma. Amepokea daftari, ameona mistari niliyoifuta, amenirudishia. Kisha amerudi kwenye cherehani.