Mkoba wa Firdausi

Bi Sada wa Mbwawa amesuka mikeka tangu akiwa mwali, na mikono yake haijui kukaa bure. Hata siku aliyoletewa Firdausi, mjukuu wa marehemu dada yake, alimpokea ukindu ukiwa bado mapajani.

Mtoto alikuwa na miaka minane na mkoba wa salfeti. Baba yake alimwacha Kisarawe kwa jamaa, akamwambia, "Nisubiri hapa, nakuja sasa hivi." Hakurudi. Jamaa wakamchoka, wakamhamishia kwa wengine, na hao wakamhamisha tena. Kila mara aliambiwa maneno yaleyale: "Vaa, tunakwenda kusalimia." Kwa Bi Sada pia alikuja kusalimia.

Kwa hiyo hakutoa vitu mkobani vikae nje. Gauni lake alilifua jioni, akalianika juu ya magoti yake mpaka likauke, akalirudisha mkobani. Bi Sada alipigilia msumari ukutani, akasema, "Huu wako." Firdausi akajibu, "Ahsante, Bibi," na msumari ukabaki mtupu.

Bi Sada hakumsukuma. Alimpa ukindu achambue, akamfundisha kuanza ukili mwembamba, ule utepe wa kusuka unaoungwa kuwa mkeka. Walisuka bila maneno mengi. Masika yakapita. Asubuhi moja Bi Sada aliamka akakuta gauni limetundikwa kwenye msumari. Alilipita kwa kunyata, asije akaliogopesha. Alikwenda uani kuchochea moto akilia peke yake.

Kisha ikaja arobaini ya jirani yao, Mzee Zahoro. Watani walifika, kama ada inavyotaka, wakiongozwa na Mashaka, Mnyamwezi fundi baiskeli wa Maili Moja. Mashaka alikalia mfuniko wa sufuria la pilau.

"Hakuna Mzaramo atakayekula hapa! Marehemu alikuwa mtumwa wangu, kafa bila kuniaga. Nani ananilipa?"

"Toka hapo, utaunguza makalio!" akinamama wakamrushia.

Mashaka akatupa macho, akamwona Firdausi amebeba sahani. "Basi nachukua haka. Kesho asubuhi nakapeleka Tabora kakachunge ng'ombe."

Mtani hajibiwi kwa upole. Anayejibu kwa upole anaonekana amekasirika. Na Bi Sada alikuwa na ulimi mkali msibani kuliko wote.

"Mchukue hata sasa hivi!" akapaza sauti. "Kanichosha! Anakula kama nzige, kusuka hajui. Nilikuwa natafuta mjinga wa kumtupia!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Kilipopungua, Firdausi hakuwepo. Alirudi muda si mrefu, gauni limekunjwa, mkoba begani. Akapiga goti mbele ya Mashaka.

"Shikamoo, babu. Nimeshajiandaa."

Mashaka akashuka kwenye sufuria taratibu.

"Mama wee, ulikuwa utani," alisema. "Sisi na hawa ndivyo tulivyo. Hata mimi wakinizika watanitukana."

"Ndiyo, babu."

"Hakuna anayekupeleka popote."

"Ndiyo, babu." Lakini hakuuweka mkoba chini.

Bi Sada alimkumbatia usiku ule. Akamwapia kwa Mungu, akamweleza utani mwanzo hadi mwisho. Mtoto aliitikia kila neno, kwa adabu, mwili wake mgumu kama mchi. Mashaka naye alikuja mara mbili, na miwa, na baiskeli ndogo aliyoiunga mwenyewe. Firdausi alishukuru. Baiskeli imeegemea ukuta mpaka leo, tairi zimelala.

Bi Sada aliwaza, akaona mdomo wake hauna tena thamani kwa mtoto yule. Akamsukia mkeka mdogo wa kulalia, rangi ya zambarau na kijani, ukingoni akaingiza ule ukili mwembamba wa mtoto mwenyewe, uliopinda pinda. Akautandika chini ya msumari.

"Huu ni wako. Wa kulala hapa, kwangu, siku zote."

Firdausi aliupapasa. Vidole vyake viliutambua ukili wake, vikatulia hapo kidogo. Kisha akautazama mkoba, akautazama mkeka.

"Bibi," akauliza, "huu nitaubebaje?"

Bi Sada akapiga magoti, akamwonyesha namna ya kuukunja uwe mwembamba, na namna ya kuufunga kwa ukindu usifunguke njiani.