Mchuzi Mwekundu wa Mkazamjomba

Juzi asubuhi nilikuwa nikipita nyuma ya mkahawa mmoja mdogo hapa Ukunda, pale wanapomwaga maji ya vyombo, nikanusa nyanya zinazochemshwa. Si nyanya za kukaanga, hizo kila nyumba inazo. Nyanya nzima nzima, zimetiwa majini pamoja na kitunguu na thomu, bila hata tone la mafuta. Nikasimama. Mpishi akachungulia dirishani akaniuliza nataka nini, nikamwambia sitaki kitu, nikaenda zangu huku machozi yananitoka. Basi kaa nikuhadithie, usije ukadhani nimerukwa na akili.

Nililelewa Tiwi na bibi yangu, mama yake mama. Mama alikuwa ameolewa Samburu, kwenye vumbi la malori na mbuzi, akanileta pwani nisome. Nyumbani tulikuwa bibi na mimi, na mjomba kwa jina tu, kwa sababu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na mwaka ungeweza kwisha bila kumtia machoni. Akija alileta sabuni za kunukia na chokoleti zilizokwisha yeyuka. Safari moja akaja na mke.

Mke mwenyewe alitoka El Salvador, nchi ambayo mwalimu wetu aliitafuta kwenye ramani ya ukutani mpaka akatoka jasho, kisha akatuonyesha akaifunika yote kwa ncha ya kidole. Alikuwa amesilimu na wamefunga ndoa huko huko. Kiswahili chake kilikuwa shikamoo, asante, maji, na tamu. Mimi nilimwita mkazamjomba, kama tunavyowaita wake za wajomba zetu, na yeye aliniita "mija", ambalo kwao ni kama kusema mwanangu. Mjomba alikaa naye likizo yake, akamwacha kwetu, akarudi melini.

Bibi alikuwa na jiko lake la mafiga uani, na hakupenda kuingiliwa. Mkazamjomba aliingia tu, hakujua. Alinunua nyanya kwa jirani yetu mwenye bustani karibu na kisima, akazitia sufuriani nzima, na nusu ya kitunguu, hoho moja, punje za thomu, akafunika. Bibi akasimama mlangoni, mkono kiunoni. "Mbona hakaangi? Yuampikia mgonjwa?" Mimi nilicheka mpaka nikafukuzwa. Nyanya zilipopasuka ngozi akazitwanga kinuni taratibu, kwa mkono wa mtu aliyezoea, kisha akatazama huku na huku akitafuta kitu cha kuchujia. Ukutani kulikuwa na kifumbu cha bibi, kile cha ukindu cha kukamulia tui la nazi. Bibi alikuwa ameingia ndani kuswali. Alipotoka, kifumbu kilikuwa chekundu chote.

"Subhanallah!" Nadhani hata jirani alisikia.

Tulikiosha kwa majivu, tukakianika, tukakiosha tena. Wapi! Ijumaa ile walikuja wanawake wa mtaa kumtazama bibi harusi wa kigeni, na wali wa nazi ukatoka jikoni una rangi ya waridi na unanuka thomu. Mkazamjomba alikuwa amekaa mkekani, kichwa chini, masikio yamemwiva. Jirani akatafuna tonge, akauliza kwa sauti ya juu, "Bi mkubwa, wali huu umeingiwa na nini?" Nikajua leo kuna kazi, maana bibi wiki nzima alikuwa akinung'unikia kifumbu chake. Akajiweka sawa, akasema, "Wali wa kwao mkwe wangu huo. Kama wakushinda, kuna muhogo." Hakuna aliyethubutu kuubakisha. Jumamosi bibi alikwenda sokoni akanunua kifumbu cha pili, cha nyanya peke yake, akakitundika mwenyewe.

Tangu hapo mchuzi ule ukawa wetu. Kazi yangu ilikuwa kumenya thomu na kupuliza moto. Mkazamjomba akishachuja aliurudisha motoni na chumvi na majani makavu ya kwao aliyokuja nayo kwenye kipakiti, akauacha utokote polepole mpaka unakuwa mwepesi wa kumiminika lakini mzito wa kushika kidole. Kipakiti kilipokwisha aliuzunguka ua akinusa kila jani, akaishia kwenye mrihani wa bibi pale dirishani. "Mrihani wa kuvaa kichwani, huyu aupika!" bibi alilalamika, na mwaka ule ule akapanda shina jingine. Tuliumimina juu ya muhogo wa kuchemsha na juu ya changu wa kukaanga. Una uchachu kidogo, halafu utamu unakuja nyuma yake. Bibi alikuwa akichovya kidole sufuriani eti anaonja chumvi, na chumvi hiyo haikuwahi kuonjwa mara moja tu. Mjomba akirudi likizo alikula mpaka akawa anafuta sahani kwa mkate.

Kisha mjomba akafa. Ilikuwa ajali melini, bandari ya mbali, na wakamzika huko. Sisi tuliletewa habari kwa simu, mchana, bibi akiwa anapepeta mchele. Hata kaburi la kulilia hatukupata.

Mkazamjomba akakaa eda katika chumba cha nyuma. Alikuwa akitoka uani tu, na jioni alipika mchuzi wake, kwa sababu ndicho kitu alichojua kumfanyia mtu aliyeumia. Alimpakulia bibi wa kwanza. Bibi akasukuma sahani. "Ondoa. Mwanangu aliupenda huu, mimi haunipiti kooni." Kesho yake akapakua tena, sahani ikasukumwa tena. Na huko nje watu walikwisha anza kunong'ona kwamba yule mgeni ameingia na nuksi, na maneno ya namna hiyo hata asiyejua lugha huyasikia. Aliniuliza, "Mija, mama amekasirika na mimi?" Nikamwambia hapana, bibi ana huzuni tu. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto anayekufariji. Hakuniamini.

Eda ilipokwisha ikaja simu ya kwao. Mamake mgonjwa, anamwita. Akakaa siku kadhaa akichambua mchicha uani, mpaka bibi akamwita barazani, na mimi nikakaa karibu, nikiomba moyoni amzuie. Bibi akamwambia polepole ili aelewe, "Mamako yuakuita, nawe wakaa hapa kunichambulia mchicha? Nenda mwanangu. Mimi wangu simwoni tena. Yeye asimkose wake."

Bibi alisema hayo kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Lakini najua mkazamjomba alisikia nini. Alisikia nenda. Asubuhi aliyoondoka aliamka mapema akapika sufuria nzima, akaiacha mekoni imefunikwa. Bibi hakuigusa. Niliila mimi peke yangu, sikuacha hata kidogo, nikaumwa na tumbo kutwa.

Mwanzoni alikuwa akipiga simu. Bibi hakuwa mtu wa simu, alisalimia kwa kelele akanipa mimi. Halafu simu ya nyumbani ikaanguka kisimani pamoja na namba zake zote, na namba yetu ikabadilika, na ndivyo mtu anavyopotea siku hizi, kirahisi hivyo. Nimemtafuta mitandaoni. Wenye jina lake huko kwao hawahesabiki.

Mwaka jana bibi alilala kitandani, chakula kikamshinda. Uji haukwenda, supu haikwenda, hata maji ya dafu aliyatema. Siku moja baada ya alasiri akaniambia, "Mjukuu wangu, nipikie ule mchuzi wa mkwe wangu." Nilidhani sikusikia vizuri. Nilinunua nyanya za sokoni, zile ngumu za kuja na lori, nikazichemsha, nikatwanga, nikachuja. Haukuwa wenyewe. Nikamlisha kijiko kwa kijiko, na bibi, ambaye hakuuonja tangu mwanawe afe, akamaliza kibakuli.

Akapumzika kidogo, akasema, "Alidhani namlaumu. Sikumlaumu hata siku moja. Mwambie nimekula."

Nikasema, "Nitamwambia, bibi."

Hakumaliza wiki.

Bustani ya jirani sasa ni ukuta wa nyumba za kukodisha, na jiko la uani lilianguka wakati wa masika. Hayo nayavumilia, mambo yote huisha. Kinachonikata maini ni kwamba yuko mwanamke mahali, kama bado yu hai, anayeamini mpaka leo kwamba mama mkwe wake alimsukumia sahani kwa chuki. Ninao ujumbe wa bibi kwake, na sijui pa kuupeleka.