Mti wa Mzee Irie Unamsubiri Dirishani

Saa tatu asubuhi, vyombo vya kifungua kinywa havijaondolewa mezani, Kinue Takebe amepiga magoti dirishani katika chumba cha mwisho cha ukumbi wa chini. Mbele yake kuna chungu kifupi chenye mti usio na jani hata moja. Mti wenyewe haufiki urefu wa mkono wake kutoka kiwiko hadi vidole. Anapeleka ukucha wa kidole gumba kwenye tawi, anasita, anaurudisha.

Anataka kuparua gome. Akikuta ukijani chini yake, mti ungali hai. Akikuta rangi ya kahawia, basi tena. Na leo mchana mwenye mti anatoka hospitali.

"Nimeshaosha maiti bila kusita," anasema. "Lakini tawi hili linanishinda."

Kinue, mwenye miaka arobaini na mitatu, ni mhudumu katika nyumba ya wazee huko Kinashi, pembeni mwa mji wa Takamatsu. Huku misonobari midogo ya vyunguni hupangwa mashambani kama kwingine wanavyopanga kabichi, na ungedhani kila mtu kazaliwa na mkasi wa kupogolea mkononi. Kinue hakuwahi kupanda hata kitunguu.

"Nilikuwa na watoto wawili wa kumwagilia peke yangu," anasema. "Walinitosha."

Mti ni wa Mzee Tadaoki Irie, aliyekanda tambi za udon tangu ujana mpaka mgongo ulipokataa. Mkewe, Sumi, aliununua kwenye gulio la hekaluni, akaulea, na alipofariki ukabaki kwa mumewe. Mwishoni mwa mwaka mzee alianguka akavunjika nyonga. Machela ikiwa tayari mlangoni, alimkamata Kinue mkono.

"Binti, huyu usiniachie afe. Akifa, mimi sina wa kumrudia."

Kinue akasema ndiyo. "Ungesema nini wewe? Nikasema ndiyo, na hata jina la mti nilikuwa silijui."

Jina hilo ndilo lililomweka roho juu. Msonobari na mreteni ni miti ya nje, ya mvua na theluji. Huingizwa ndani siku moja au mbili kupamba sebule mgeni akija, kisha hurudishwa uani. Wengi huiona pale sebuleni wakadhani ndiko inakoishi, wakanunua wa kwao, wakauzika kabla ya mwaka kwisha. Na uongozi wa nyumba ya wazee ulishapiga marufuku vyungu kwenye baraza tangu kimbunga kimoja kiviangushe. Kama mti ulikuwa wa nje, Kinue alikuwa anatunza marehemu.

Alichuma jani moja, akalifunga kwenye leso, akalipeleka kwa Fusae Nakanishi, anayefanya kazi kwenye bustani ya miti ya vyunguni chini ya mlima. Fusae amepinda matawi kwa waya nusu ya maisha yake, na ulimi wake hauna breki.

"Ulipolichuma lilitoa maziwa?" aliuliza Fusae.

"Maziwa? Kwani ni ng'ombe?"

"Jani, wewe! Utomvu mweupe."

"Halikutoa."

"Basi si mtini." Fusae akapitisha kidole ukingoni mwa jani. "Vimeno kama vya msumeno. Na hapa kwenye kikonyo, upande mmoja umeshuka kuliko mwenzake. Huu ni nire. Una bahati, dada. Ungeniletea mreteni ukaniambia unalala chumbani, ningekupa rambirambi."

Nire, mti wa jamii ya elm, huvumilia chumbani, mradi uwe dirishani penye mwanga na mbali na hita. Lililobaki ni maji.

"Usimwagilie kwa kufuata kalenda," Fusae alimwonya. "Chomeka kijiti cha kulia chakula kwenye udongo. Kikitoka kimelowa, weka kopo chini, nenda zako."

Kinue alitii. Lakini kila alipochomeka kijiti, kilitoka kimelowa. Siku zikapita hajatia hata tone, na udongo ukazidi kuwa tope. Majani yakageuka manjano, yakaanza kuanguka.

Huko hospitali, Mzee Irie alikuwa amegoma kula. Kila jioni alipiga simu kuuliza neno moja tu: mzima?

"Mzima," Kinue alijibu. "Nilikuwa nadanganya," anasimulia sasa. "Lakini akisikia hivyo anakula. Muuguzi alinishukuru, nami nikaenda kulia chooni."

Alianza kuwashuku wenzake. Asubuhi moja akajibanza nyuma ya pazia la chumba kile. Mara akaingia Bibi Masuno, mkazi mkongwe kuliko wote, akisukuma kigari chake cha kutembelea, kikombe mkononi. Akauinamia mti kwa heshima.

"Vumilia, mwenyewe yuko njiani," akauambia, akamimina chai yake iliyobaki.

Alipotoka, akaja mwingine na kikombe chake. Kisha mwingine. Hakuna aliyemwambia mwenzake, kwa maana huku mtu hatangazi fadhila zake.

"Nilisimama pale sijui nicheke au nipige yowe," anasema Kinue. "Walikuwa wanauzamisha, maskini, na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayeukumbuka."

Kuwaambia wameuua mti hakuthubutu. Bibi Masuno angesusa chakula kwa aibu. Akauhamishia chumba cha wahudumu, akasema umekwenda kwa daktari. Daktari alikuwa Fusae. Aliung'oa chunguni na mizizi ikatoka myeusi, inanuka. Akakata iliyooza, akaupanda upya kwenye udongo wa chembechembe usiotuamisha maji.

"Sasa ni kungoja," alisema. "Na usiuparue kila saa, utauchuna kama mbuzi."

Kinue amengoja hadi leo asubuhi, alipourudisha dirishani chumbani kwa mzee. Anaparua tawi la juu. Kahawia. Anaparua la chini yake. Kahawia. Anakwenda kwenye la tatu, na hapo kengele ya mlango inalia. Gari la hospitali limewahi.

Mzee Irie anaingizwa kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, macho yako dirishani moja kwa moja. Nyuma yake wakazi wenzake wamejazana mlangoni.

"Nilikudanganya, Mzee," anasema Kinue. "Kwenye simu."

"Nilijua. Ulikuwa unajibu haraka mno."

Anaomba chungu. Anakipakata na kunusa udongo ulionasa kwenye ukingo wake.

"Nani kampa chai?"

Bibi Masuno anaangalia sakafu.

"Mimi," anasema.

"Na mimi," anasema mwingine nyuma yake, na mwingine tena.

"Tulikuwa tunakuona kila asubuhi ukimgawia yako," anasema Bibi Masuno. "Tukaona asije akadhani ametupwa."

"Mimi nilikuwa nampa tone, jamani! Ninyi mmempa birika zima!"

Mzee anaanza kucheka, na kicheko kinageuka kilio ambacho hajisumbui kukificha. Kisha anapeleka ukucha, si kwenye tawi, bali chini kabisa kwenye shina, mahali ambapo Kinue hakuwa na moyo wa kupagusa. Anaparua. Anamwita Kinue asogee aone.

Ni ukijani mwembamba, lakini ni ukijani.

Matawi ya juu yatakatwa. Fusae anasema machipukizi yakija yatakuja hali ya hewa ikipata joto, na hataki kuahidi zaidi ya hapo. Wazee wamekubaliana kuleta viti vyao dirishani kila asubuhi na kunywa chai pamoja na mti, ila kila mtu ainywe yake mpaka iishe. Kijiti amekabidhiwa Bibi Masuno.

Mzee Irie ameagiza uji. Kinue anakwenda kuuchukua, na mlangoni anasimama kidogo.

"Ninachotaka ni kimoja," anasema. "Siku moja aniulize tena kama ni mzima, nami nijibu polepole."