Alhamisi Tatu za Mama Pasi

Aibu yangu imepigwa chapa nakala mia tatu, na jalada lake lina picha ya baba yangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kanisa letu la Kimethodisti lilipokaribia kutimiza miaka sitini, kamati ilinituma niandike historia yake, nami nikavimba kichwa. Nikapewa ufunguo wa kabati, nikakaa wiki sita na madaftari yanayonuka panya. Sisi Wamethodisti kwa kuandika hatujambo. Hata kiti kikivunjika mguu, kina ukurasa wake.

Mwanzo wa kanisa kila mtu mjini aliujua. Lilianzia katika chumba cha kupigia pasi cha dobi mmoja mjane, ndiyo maana tukamwita Mama Pasi. Kila Alhamisi alasiri aliondoa mashuka ya wateja mezani, akapanga mabenchi, wakaja watu kumi na mmoja kusali na kuulizana hali za roho zao, nguo zikining'inia juu ya vichwa vyao. Hilo ndilo lililokuwa darasa letu la kwanza, kama sisi Wamethodisti tunavyokiita kikundi cha sala. Kiongozi wake alikuwa marehemu baba yangu, karani wa posta, mtu asiyechelewa wala kukosea. Nyumbani tulimwita Saa ya Ukutani, yeye akiwa hayupo.

Nisilolijua nililikuta kwenye daftari la darasa la mwaka wa tatu, jengo lilipokuwa linakamilika. Jina la Mama Pasi limepigwa mstari mwekundu, na pembeni mwandiko wa baba: “Hakuhudhuria Alhamisi tatu. Ameondolewa.” Ndiyo ilikuwa sheria. Ukikosa mara tatu bila udhuru hupewi kadi ya robo mwaka, na bila kadi huendi kwenye meza ya Bwana.

Nikaenda kumuuliza Mama Pasi mwenyewe. Ana miaka tisini sasa, macho yamekwisha, na kusoma hakuwahi kujifunza. Hakumsema baba vibaya. Alisema Alhamisi zile alikuwa anafua na kunyoosha vitambaa vya meza ya Bwana na kanzu ya mchungaji, viwe tayari kwa ufunguzi.

“Andika hilo tu, mwanangu,” akaniambia. “Kwamba nilikuwa kwenye kazi ya kanisa. Nisife naitwa mtoro.”

Nikamwahidi. Nikarudi kabatini, nikalikuta daftari la maandalizi ya ufunguzi, na kweli kazi ile imeandikwa, Alhamisi zote tatu. Aliyemtuma, akatia na sahihi, ni baba.

Labda alisahau. Labda sheria ilimnogea. Kurekebisha hakurekebisha, na Mama Pasi akaendelea kufua vitambaa vile miaka mingi, akikaa benchi la nyuma. Wengine walipokwenda mbele kupokea, yeye aliwashikia watoto wao. Na mimi nilikuwa napita pale, kadi yangu mfukoni, nikidhani anapenda watoto.

Kwa siku tatu niliandika nikifuta. Mwisho nikafunika kombe mwanaharamu apite. Baba akawa mwanzilishi wa kanisa, na chumba cha pasi kikawa “nyumba ya muumini mmoja”. Miaka thelathini nimechapa watoto wa watu kwa kusema uongo.

Siku ya uzinduzi wa kitabu, baada ya ibada, mjukuu wa Mama Pasi ambaye ni nesi alimleta bibi yake hadi kwenye benchi nililokuwa nimekaa. Nikasimama, nikamwamkia. Mama Pasi alikuwa amekumbatia kitabu kifuani. Akaupangusa mkono kwenye gauni kabla ya kunipa.

“Nisomee pale pangu,” akasema.

Pale pake hapakuwepo. Nikafungua ukurasa wa kumi na nne, unaoeleza mabati yalivyonunuliwa, nikamsomea nisichokiona: kwamba Mama Pasi hakuhudhuria Alhamisi tatu kwa sababu alikuwa kwenye kazi ya kanisa, na kwamba kumwondoa lilikuwa kosa. Sauti yangu ilitoka vizuri, sauti ya darasani. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akaniomba niukunje ukurasa ule pembeni, ili mjukuu amsomee tena nyumbani. Nikaukunja.

Mjukuu alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, na macho yake ni mazima. Alisubiri bibi yake ageuke kusalimiana na watu, akaniinamia sikioni.

“Mwalimu, yaandike hayo maneno,” akasema. “Bibi hasahau. Atataka yaleyale.”

Nikatoa kalamu. Nikayaandika pembeni mwa habari ya mabati, herufi ndogondogo, naye akanisimamia mpaka nukta ya mwisho, mimi nikiwa kama mtoto anayerudia kazi aliyokosea. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Akachukua kitabu, akamshika bibi yake mkono, wakaondoka taratibu.

Kwa hiyo iko nakala moja ambamo Mama Pasi si mtoro. Nyingine zote ziligawiwa mlangoni siku ileile, na watu bado wananisimamisha njiani kunipongeza.