Wanawake Waliokaa Msituni Gesima

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa msichana ambaye hajaolewa, tuliacha majani chai bila kuchuma tukapanda mlima ulio juu ya Gesima. Tajiri mmoja alikuwa ameruhusiwa kukata msitu wote, na lori lake lilikuwa limeshafika. Chemchemi yetu ilitoka humo, kati ya miti. Hatukuwa na maji mengine.

Aliyetuongoza ni nyanya yangu Moraa, mjane wa maneno machache. Alituambia kila mmoja achague mti, akae chini, aegemee shina. Basi. Tukakaa tukiimba nyimbo za kanisani, Wasabato na Wakatoliki pamoja.

Askari walipokuja, mmoja alimvuta nyanya kwa nguvu. Akaanguka, uso ukagonga mzizi. Kaka yangu Ombati akainua panga.

"Ombati! Weka chini," nyanya akasema, damu ikimtiririka hadi shingoni.

"Nyanya, wamekuumiza!"

"Nimeona. Lakini ukimkata huyu, watasema walikuja kukamata wahalifu. Utafungwa wewe, na miti itaanguka. Njoo ukae hapa kando yangu."

Ombati alilia kwa hasira, lakini alikaa. Kijana mmoja aliyeletwa na lori kukata miti, ameshika msumeno wa injini, aliyaona hayo yote. Akauzima, akasema yeye hawezi tena, akateremka mlima kwa miguu.

Sisi tulikamatwa. Tulipoachiliwa tukakuta wanawake wengine wamekaa mahali petu, hata wa kutoka Mosocho ambao hatukuwajua. Ikawa hivyo, wakiondolewa hawa wanakuja wale, mpaka lori likaondoka tupu. Sikufichi, miti ya upande mmoja wa mlima ilikuwa imekatwa tayari, na nyanya hakuona tena vizuri kwa jicho la kushoto. Lakini maji tunayokunywa leo ni yale yale.

Sasa nasikia misumeno imerudi, na ninyi vijana mnazungumza habari ya kuchoma lori. Hasira yenu naielewa. Nendeni, lakini mikono iwe mitupu. Kaeni wengi, mkae mchana kutwa, na mwenzenu akipandwa na hasira mshikeni mkono mumketishe. Msimpe mtu yeyote sababu ya kuacha kuzungumzia miti akaanza kuwazungumzia ninyi.

Mungu awatangulie mlimani, mwanangu. Awape moyo wa kuvumilia, na awarudishe kwa mama zenu mkiwa wazima.